Lango Linaloitika

Ofisi nyingine zikibadilisha mtandao, watu hushukuru Mungu. Wanakunywa chai, wanasengenyana, wanamtupia fundi lawama, siku inakwisha. Ofisi ya Pumzi haikuwa na raha hiyo. Pale Bukoba, ndani ya jengo lililowahi kuwa ghala la kahawa, mtandao ukikatika watu walikufa, na hakukuwa na namna tamu ya kulisema jambo hilo.

Ile homa ya ziwa ilipopita iliwaacha watu na akili zao timamu, macho yanaona, midomo inasema, ila vifua vimesahau kazi. Kila mmoja alifungwa mvukuto kifuani, kiboksi kisichozidi kitabu cha sala, na mrija wake ukashuka kooni. Mvukuto ulikuwa na nguvu lakini hauna akili. Haukujua uvute lini wala uvute kiasi gani. Akili ilikaa ofisini, kwenye mtambo uliosoma damu ya kila mgonjwa na kumtumia amri: vuta, achia, vuta. Amri hizo zilipita kwenye lango la mtandao, zikasambaa Kashai, Hamugembe, Kibeta, nyumba kwa nyumba. Tumboni mwa kila mvukuto iliandikwa anwani ya lango hilo, na mvukuto haukupokea pumzi kutoka kwingine kokote.

Sasa kampuni ya mtandao ilikuwa inabadilishwa, na lango nalo lilikuwa linabadilika.

Kokugonza aliingia ofisini akikung'uta mwavuli. Mwenzake, Kaijage, alikuwa ameshavua viatu na kuvisukumia chini ya meza kama kawaida yake, anatafuna buni.

"Kaka, za asubuhi?"

"Nzuri, Koku. Umelala wewe?"

"Nilale nini! Nimekaa macho nikiwaza malango."

"Mimi Kemi ndiye hakunilaza. Anataka hadithi, ukimaliza anataka nyingine. Nikamwambia, mwanangu, pumzi unaletewa bure, basi unadhani na hadithi ni za bure?" Akacheka peke yake. Kemilembe alikuwa binti yake wa pekee, na kila alichokisema mtoto yule kilifika ofisini asubuhi inayofuata, utake usitake.

Wakakaa mezani wakitazamana, kisha wakasema yale ambayo mafundi wa ofisi ile waliyasema kabla ya kugusa kitu.

"Wangu unaye wewe," alisema Kaijage.

"Na wako ninaye mimi," alisema Kokugonza. "Wangu unaye wewe."

"Na wako ninaye mimi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Mwaka wa kwanza kabisa fundi mmoja alimwonea huruma mkewe, akawa anamwongezea pumzi kidogo kila siku kwa mapenzi, mpaka akampasua mapafu. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kumgusa ndugu yake. Mama yake Kokugonza alikuwa mikononi mwa Kaijage. Kemilembe alikuwa mikononi mwa Kokugonza.

*

Bwana Rwezaura, mkuu wa ofisi, alitoka chumbani kwake na tai mpya shingoni. Alilipigapiga lango jipya mgongoni. Lilikuwa boksi jeupe, limeletwa jana na kuwekwa kando ya lile la zamani, likashinda kutwa nzima likisikiliza kila kilichopita ili lijifunze wateja wake.

"Hili lina akili, jamani," alisema. "Halihangaiki ovyo. Kitu kinachoombwa kila siku linakikumbuka, linakujibu lenyewe hapahapa bila kwenda mpaka kule. Msongamano kwisha."

"Tumekusikia tangu jana, bosi," alisema Kaijage.

"Basi sikia tena."

Hawakusikia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wala si penginepo. Mkuu alilisema, mafundi wawili wakawa wanatazama skrini zao na kungoja amalize.

Rwezaura akabonyeza. Amri moja ikaenda kwa mivukuto yote: futa lango la zamani, andika jipya, hifadhi. Ikabaki kuhakiki, na uhakiki wa ofisi ile haukufanana na wa ofisi nyingine. Mafundi wa kwingine hutuma mshtuo mdogo kwenye waya, ukirudi wanajua njia ni nzima. Mama mmoja mwanzilishi, marehemu sasa, aliukataa mshtuo huo siku ya kwanza. "Mtu mzima hagongwigongwi kama debe," alisema. "Msalimieni." Kwa hiyo waliwasalimia, kila asubuhi na kila badiliko. Wakubwa waliamkiwa, watoto waliulizwa hali, na sauti ikirudi fundi aliandika kwamba njia inapitika.

"Shikamoo, Mama," Kaijage alisema kwenye kinasa sauti.

"Marahaba, baba. Mvua imekatika?" ilijibu sauti ya mama yake Kokugonza, halafu kikohozi kifupi.

Kokugonza akatabasamu bila kuinua uso. Yeye alikuwa kwa Kemilembe.

"Kemi, hujambo?"

"Sijambo! Shikamoo!" Mtoto alilisema kwa mbio, neno la mwisho akilipandisha juu, kama anayetaka kuachiwa akacheze.

"Marahaba, mama."

Wakaendelea hivyo mpaka wakamaliza. Wote waliitika. Rwezaura akaagiza chai na sahani ya senene, wale panzi wa kukaanga, akawaambia kengele ya mchana ya kanisa kuu ikilia kampuni ya zamani itakata waya wake, na wao watakuwa wanapangusa mikono.

"Bwana Mungu asifiwe," alisema, na akachota senene kiganja kizima.

*

Mawingu yalikuwa yameondoka. Jua likaingia mpaka kwenye meza, kali, likakausha vikanyagio mlangoni. Kokugonza alimalizia chai yake.

"Kaka, mwambie Mama leo nitachelewa kupita. Aambiwe ili asianze kunung'unika."

"Shikamoo, Mama," alisema Kaijage huku bado akitafuna.

"Marahaba, baba. Mvua imekatika?" Na kikohozi kifupi.

"Koku anasema atachelewa."

Kimya.

"Mama? Koku atachelewa kidogo, usimngoje na chakula."

Kimya tena. Kaijage akatazama dirishani, jua linawaka. Akarudia polepole, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mvua imekatika?"

Kikohozi kilekile, mahali palepale. Kokugonza aliweka kikombe chini, kikakosa meza, kikavunjika. Jana pia mvua ilikuwa inanyesha. Jana mama yake alikuwa ameuliza hivyohivyo, akakohoa vilevile.

"Siyo yeye," alisema. "Kaka, siyo yeye huyo. Ni hilo boksi."

Wakarukia skrini ya lango la zamani, lile ambalo kwa hesabu yao lilipaswa kuwa tupu. Halikuwa tupu. Mivukuto miwili ilikuwa bado inavutia pumzi huko. Ilikuwa ile ya majaribio, iliyotengenezwa kabla ya mingine yote, ambayo amri ya kutumwa kwa mkupuo haiijui. Na mivukuto ya majaribio walifungwa akina nani? Ndugu za wafanyakazi, maana wao ndio waliokuwa karibu, na wafanyakazi wenyewe walijiona wamependelewa.

Mmoja ulikuwa wa mama yake Kokugonza. Wa pili ulikuwa wa Kemilembe.

"Bosi, wapigie wasikate!" Kaijage alipiga kelele.

Rwezaura alikuwa ameshapiga. Aliishika simu mbali na sikio, na wote wakaisikia sauti nyororo ya mashine ikisema inathamini sana muda wao. Senene mmoja alikuwa amenasa kwenye tai yake.

"Hawapokei," alisema. "Fanyeni kwa mkono. Fanyeni, mnanitazama nini? Kengele inakaribia."

Kwa mkono maana yake ni kuingia ndani ya mvukuto wenyewe. Ya majaribio haikukubali uandike anwani juu ya anwani. Kwanza unafuta ya zamani, kisha unaandika mpya, kisha unahifadhi. Ukishafuta, usitoke, jamani, hata nyumba ikiungua. Mvukuto ambao hauna lango lolote hauna njia ya kukurudisha ndani. Unakariri pumzi ya mwisho mara chache, unachoka, halafu unafunga mrija, na ukishafunga hata mtu akipuliza kwa kinywa chake hewa haipiti. Waliouunda waliona hivyo ni salama. Eti usalama!

Kokugonza aliinuka. Miguu ilikuwa inampeleka upande wa meza ya Kaijage bila kumwuliza.

"Koku." Kaijage hakupaza sauti. "Kaa. Wangu unaye wewe. Wako ninaye mimi. Kila mtu amalize aliye naye, wote wawili watapona. Kaa chini, dada yangu."

Akakaa. Akaingia kwa Kemilembe. Neno la siri lilikubali. Mbele yake anwani ya zamani ilikuwa inametameta. Akaifuta. Nafasi ikabaki nyeupe, mshale unapepesa, unangoja aandike.

"Imekataa!" alisema Kaijage.

Ni neno hilo tu. Kokugonza aligeuka akaona mikono ya mwenzake imetoka kwenye vitufe. Na hapo, niseme nini, akamwona mama yake. Alimwona kitandani Hamugembe, mdomo wazi, akingoja kitu ambacho hakiji. Mvukuto ule aliufunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kabla ya sheria kuja. Neno lake la siri alilijua kama jina lake. Na hata kwenye meza yake mwenyewe neno hilo lilikuwa linakubali.

Akatoka kwa Kemilembe.

Aliandika neno la siri la mama yake, akakosea herufi, akaandika tena. Skrini ikafunguka. Alitazama mahali pa anwani akitafuta cha kufuta, na hakukuwa na cha kufuta. Lango jipya lilikuwa limeandikwa, kila tarakimu mahali pake. Chini yake: imehifadhiwa.

Kaijage alikuwa amekosea neno la siri mara ya kwanza, basi. Akalirudia, likakubali. Tena alisema kwa sauti, "Imekubali, imekubali," lakini Kokugonza hakumsikia, alikuwa anaandika.

Akarudi mbio kwa Kemilembe. Skrini ilimwambia mvukuto haupatikani. Akabonyeza tena. Haupatikani. Akabonyeza kama mwendawazimu, na kengele ya kanisa kuu ikaanza kulia juu ya mji, taratibu, haina haraka yoyote, na taa za lango la zamani zikazimika.

Kaijage alisimama. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni, na alikuwa anacheka.

"Mama anapumua, Koku! Nimekushikia wako. Nusura niharibu, nikasema leo nitamwambia nini Koku!" Akafuta uso kwa kiganja. "Na Kemi?"

Kokugonza alibonyeza tena.

"Koku. Na Kemi?"

Ndipo Rwezaura akainama kwenye kinasa sauti, mkuu wa ofisi anayetaka mambo yaishe vizuri. "Kemi, hujambo?"

"Sijambo! Shikamoo!"

"Huyu hapa," alisema Rwezaura. "Si ameitika?"

Kaijage alimtazama kama asiyemjua. Kisha akasukuma kiti cha Kokugonza, naye akiwa juu yake, akasoma skrini. Alikuwa fundi, aliona nafasi iliyofutwa, akaona na mahali Kokugonza alipokimbilia baada ya kufuta: kwa mama yake. Akakimbia. Walimsikia akishuka ngazi, halafu changarawe, halafu hawakumsikia tena. Viatu vyake vilibaki chini ya meza.

Simu yake ikaanza kuita juu ya meza. Ilikuwa inaonyesha jina la mkewe. Kokugonza aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza, ikaita tena, na hakuwa na ujasiri wa kuipokea.

Kibeta, alikokaa Kaijage, ni mlimani. Kaijage alipofika, mrija ulikuwa umeshafunga, na mke wake alikuwa bado anapuliza.

*

Ripoti iliyokwenda wilayani ilisema wagonjwa wote waliitika baada ya mabadiliko ya lango. Rwezaura aliiandika mwenyewe. Kila neno lilikuwa kweli, ndiyo maana iliandikika.

Alasiri Kokugonza alikwenda Hamugembe. Mama yake alikuwa amelala chali, mvukuto ukipanda na kushuka bila wasiwasi.

"Umekula?"

"Sijala, Mama."

"Mbona uso huo? Kaa. Kuna nini?"

Akamwambia. Hakuficha kitu, hata zile herufi alizokosea. Mama alisikiliza. Alivuta pumzi moja, akaachia, akavutishwa nyingine, maana hata ya kushtuka hakuweza kuivuta mwenyewe.

"Kwa hiyo ulimwacha mtoto mlango wazi," alisema mama, "ukaja kutazama kizee kilichokwisha kuvushwa."

"Mama, nilisikia imekataa."

"Ulisikia. Na ungekuta kweli imekataa? Ungemwacha?"

Wote wawili walijua jibu, na ni hilo lililomwumiza mama kuliko mengine yote. Alipenda kupendwa na mwanawe, nani asiyependa, lakini si hivi.

"Mwambie Kaijage anizime."

"Mama!"

"Basi, usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, akirudi."

*

Kaijage alirudi matanga yalipokwisha, kichwa amenyoa. Kokugonza alitamani apige kelele, amtukane, amvurumishie kiti. Alikuwa amejiandaa kwa hayo yote. Kaijage aliketi, akavivuta viatu vyake kwa kidole cha mguu, vikiwa palepale alipoviacha, akavivaa. Tangu siku hiyo hakuvivua tena kazini.

"Kaka," alisema Kokugonza. "Nihamishe. Mwombe bosi amchukue mtu mwingine. Mama mpe mtu mwingine, mimi nifukuze, nipeleke polisi, lolote."

"Wangu unaye wewe," alisema Kaijage.

"Kaka, tafadhali."

"Sema."

Kokugonza alitazama meza. "Na wako ninaye mimi," alisema. Ikabidi aendelee. "Wangu... wangu unaye wewe."

"Na wako ninaye mimi." Kaijage akaliamuru boksi lisimjibie mama huyu, akavuta kinasa sauti karibu. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Pole, baba yangu. Pole sana." Safari hii alikuwa mwenyewe, sauti imechakaa kwa kulia. "Kaijage, nakuomba kitu. Wewe una kitufe, mimi sina. Nizime. Mimi nimeishi, nimekula, nimezaa. Nizime nimfuate mwanao."

Kokugonza aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mkono wa Kaijage ulikuwa juu ya vitufe, na alimwacha Kokugonza autazame vizuri.

"Hapana, Mama," alisema kwa upole, upole ule wa siku zote. "Wewe utaishi. Damu yako ni safi, mapafu yako yanasikia amri. Nitakutunza mimi. Ukiugua nitakuvusha, ukizeeka nitakuvusha. Hutakosa pumzi hata moja mikononi mwangu."

"Unaniadhibu, baba."

"Vuta, Mama," alisema Kaijage, na mtambo ukatuma.

Rwezaura alipita nyuma yao. Alikuwa ameahidi kufuta sauti zilizokaa kwenye kumbukumbu ya lile lango jipya, lakini jina la mtoto lilikuwa bado kwenye hesabu ya wilaya, na aliyeitika hawezi kuondolewa bila maelezo. Kaijage naye alikuwa ameingia chumbani kwa mkuu asubuhi hiyo, akafunga mlango, akasema sauti ya mtoto isiguswe, akatoka. Basi hakuna aliyefuta.

"Wangu bado," alisema Kaijage.

"Kaka, usinifanyie hivi."

"Ni kazi yako. Kila asubuhi kila mgonjwa husalimiwa. Msalimie."

Kokugonza aliwasha kinasa sauti. Machozi yalimdondoka juu ya vitufe, hakuyafuta.

"Kemi," alisema, "hujambo?"

"Sijambo! Shikamoo!"

Kaijage alifumba macho akasikiliza mpaka neno la mwisho, lile lililopanda juu. Kisha akayafumbua, akamtazama Kokugonza, akangoja.

"Mjibu mtoto," alisema.

"Marahaba, mama," alijibu Kokugonza.